Kinyume cha Kujiendesha

Liko neno katika mafundisho ya watoto ambalo twaona halifai. Mtoto akiulizwa kinyume cha "chombo kinachojiendesha", hufundishwa kujibu "chombo kisichojiendesha", naye hupewa alama zake. Sisi twasema jibu hilo ni pungufu, na upungufu wake si wa sarufi tu.

Na tuitazame lugha yenyewe. Kitenzi kikitiwa -ji-, mtenda na mtendwa huwa mmoja. Kikitiwa -w-, huwa wawili: kitu chavutwa, na yuko akivutaye. Lakini "kisicho" hukana tu, wala hakimtaji mtu. Hata jiwe halijiendeshi, na Mlima Kwaraha haujiendeshi. Je, navyo ni jamaa ya mkokoteni?

Wazee wetu hawakuwa maskini wa maneno. Mkokoteni waitwa hivyo kwa kuwa hukokotwa. Tela huvutwa, toroli husukumwa, machela huchukuliwa mabegani, mtumbwi hupigwa kafi, na jahazi huenda kwa tanga. Hata "gari", neno lililotoka Bara Hindi, tulilipa jina la mwenye nguvu: gari la ng'ombe, gari la punda, gari la moshi. Na moshi ulipoondoka, tulitaja nguvu mpya: treni iliyoanza mwaka 2024 kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma twaiita treni ya umeme, wala hatuiiti treni isiyo na moshi.

Wengine watasema, "Hata motokaa huendeshwa na dereva." Ni kweli, lakini dereva huongoza tu, nguvu yatoka katika injini. Wengine watasema, "Twahitaji neno moja la jumla." Vema, na liwe "chombo kiendacho kwa nguvu ya mwingine". Hapo msikiaji hana budi kuuliza: mwingine huyo ni nani?

Na swali hilo ndilo shabaha yetu. Hapa Singe mwenye mzigo wa matofali au madumu ya maji husema, "Mkokoteni wangu umechelewa." Mkokoteni haukuchelewa, aliyechelewa ni punda, mwenye kidonda mgongoni, aliyetwishwa kupita kiasi. Mahali pengine si punda, bali ni kijana anayekokota kwa mikono yake mwenyewe kwa ujira mdogo. Twasema shukrani ya punda ni mateke. Je, shukrani yetu kwake ni nini, ikiwa hata katika maneno yetu tumemfuta? Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Lakini sheria haiwezi kumlinda ambaye sisi wenyewe hatumtaji.

Basi, walimu wenzetu, mtoto akijibu "kisichojiendesha", msimpe alama bado. Mwulizeni, "Nani akivutaye?" Akilijua jibu, amejua kinyume, tena amejua ni nani anayestahili maji, kivuli na ujira wake jioni.