Kazi ya Zamani Isiachwe Njiani

Kila mwaka watumishi wa umma na walimu wengi huomba nafasi za kusomea shahada ya uzamili. Wafikapo mahali pa kueleza kazi walizozifanya, baadhi yao hushikwa na wasiwasi. Mwalimu wa Sikonge anayetaka kusomea uongozi wa umma hujiuliza: Je, nitaje misimu niliyokuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku? Wengi huamua kuifuta kazi ya namna hiyo, wakidhani kuwa itawashushia hadhi. Uamuzi huo si wa busara.

Kwetu Tabora jambo hili lina historia. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa amekomaa. Upagazi haukuwa kilimo, lakini jamii ilitambua kwamba safari ile ilimpa mtu uvumilivu, nidhamu ya msafara na ujuzi wa kuishi na watu wa lugha nyingine.

Mwalimu Julius Nyerere naye, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria hapa Tabora, na kwa muda mfupi alikuwa mkaguzi wa bei za madukani. Ni nani atakayesema kuwa kazi hizo hazikumfaa mtu aliyekwenda kusoma uchumi, historia na falsafa?

Taifa nalo liliwahi kulipima suala hili. Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kuwa mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu, akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Fikra hiyo ilikuwa na uzito, kwani aliyefanya kazi huenda darasani na maswali yake mwenyewe. Lakini utekelezaji ulikuwa na kasoro. Idadi ya wasichana ilipungua, hata masharti yakalegezwa kwao. Tena, barua ya mapendekezo iliweza kushuhudia bidii na tabia ya mtu bila kueleza amejifunza nini. Utaratibu huo uliachwa katika miaka ya 1980, ila fundisho lake lingalipo: kazi haina maana katika maombi ikiwa ni muhuri tu.

Kwa hiyo mwombaji asitosheke kuandika cheo na tarehe. Yule karani wa mizani aeleze jinsi alivyosuluhisha ugomvi wa mkulima na mnunuzi juu ya daraja la tumbaku, na jinsi alivyotunza daftari ambalo wanachama waliliamini. Huo ndio uongozi wa umma wenyewe. Kazi isiyo na fundisho la wazi itajwe kwa mstari mmoja, ili miaka isionekane tupu. Wala asikuze cheo chake. Uongo wa aina hiyo hufichuka upesi.

Wapo wahadhiri wanaosema kuwa uzamili ni taaluma, na kwamba alama ndizo za kutazamwa kwanza. Ni kweli; uzoefu hauwezi kufunika alama duni. Lakini waombaji wawili wakilingana kwa alama, yafaa kuuliza ni nani aliyeyaona mambo kwa macho yake.

Tukiziona kazi hizi kuwa aibu, watakaoumia ni watoto wa wakulima na wafanyakazi, waliolazimika kutafuta riziki kabla ya kurudi shuleni. Waombaji hawana budi kuziandika kazi zao kwa ukweli, na vyuo vyetu havina budi kuzisoma kwa makini.