Afya Nyumbani: Maji ya Baridi ni ya Nani?



Juma hili tuzungumze habari ya kuoga. Msicheke. Kuoga ni jambo la kila siku, na mambo ya kila siku ndiyo yanayoijenga nyumba au kuibomoa. Sitasema juu ya sabuni wala uchafu, maana hayo mmekwisha kufundishwa tangu utoto. Nataka kusema juu ya maji ya baridi. Je, yanaufaa mwili? Yanaufaa moyo? Na nyumbani, nani ayaoge, na nani asiyaoge?

Ninyi mnaokaa Bagamoyo au Malindi pengine mtashangaa kwamba jambo hili laulizwa. Maji ya mtungi huko hayaumi. Lakini mwulizeni mtu wa Njombe, wa Lushoto, wa Mbulu au wa Limuru, katika mwezi wa Juni na Julai. Alfajiri maji yamezizima. Ukitia kidole, unakitoa mara moja. Huko ndiko mama au binti anakoamka kabla ya watu wote, akachochea moto, akateleka sufuria ya maji ya kuoga. Na kuni zile hazikuja zenyewe. Zilibebwa jana kichwani au mgongoni, kutoka mbali.

Kwa hiyo maji ya moto yana bei, hata kama hayakununuliwa dukani. Tulikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

PADRE ALIYEPENDA MAJI

Katika nchi ya Bavaria, kusini ya Ujerumani, mwaka 1821 alizaliwa mtoto wa fundi maskini wa kufuma nguo. Jina lake Sebastian Kneipp. Tangu ujana alitamani upadre, lakini kwao hakukuwa na fedha za kumsomesha. Akafuma nguo kama baba yake, akiweka akiba kidogo kidogo. Kisha nyumba yao ikaungua, na akiba yake ikateketea. Hakukata tamaa. Padre mmoja, Matthias Merkle, akamhurumia na kumfundisha Kilatini, na hivyo akapata njia ya kuingia masomoni.

Huko masomoni akashikwa na ugonjwa wa kifua. Akadhoofika sana, hata upadre ukaonekana kuwa ndoto tu. Ndipo akakuta kitabu cha zamani cha mganga Johann Siegmund Hahn, kinachoeleza nguvu ya maji ya baridi. Mwaka 1849, majira ya baridi ya Ulaya yakikaribia, akaenda kwenye mto Danube karibu na mji wa Dillingen. Alikimbia mpaka mtoni ili mwili upate joto kwanza. Akajitosa kwa sekunde chache tu. Akatoka, akavaa, akarudi mbio. Akafanya hivyo mara mbili tatu kwa juma. Nguvu zikamrudia, na mwaka 1852 akapewa upadre.

Mwaka 1855 alitumwa Wörishofen kuwa muungamishi wa masista Wadominiko. Watu wakasikia habari zake, wakamjia, maskini na matajiri. Waganga na wauza dawa wengine walimchukia, wakamshitaki kwamba anatibu bila ruhusa. Mwaka 1886 akatoa kitabu chake juu ya tiba ya maji, kikaenea nchi nyingi. Mwaka 1894 alikwenda Roma, akamshauri Baba Mtakatifu Leo XIII juu ya afya yake. Alifariki mwaka 1897, mwenye umri wa miaka 76.

Lakini shikeni zaidi mafundisho yake kuliko sifa zake. Alifundisha kwamba maji ya baridi hayamwagwi juu ya mwili wenye baridi. Mwili uwe na joto kwanza. Akafundisha kwamba muda uwe mfupi. Na akafundisha kwamba baada ya maji mtu atembee au afanye kazi mpaka apate joto tena. Yeye mwenyewe alianza kwa ukali, na kadiri miaka ilivyopita alizidi kuwa mpole. Alijua kwamba kipimo ni nusu ya dawa.

Tena tusidanganyike. Padre Kneipp alipona, lakini hiyo si kusema kwamba maji huponya kifua kikuu. Wakati ule hakuna aliyejua kisababishi cha ugonjwa huo. Ni mwaka 1882 tu ndipo daktari Robert Koch alipotangaza kwamba amekigundua kijidudu chake. Leo dawa zipo, na kwa kawaida humezwa kwa miezi sita bila kukatiza. Ndugu msomaji, kikohozi kikifika majuma mawili, usiende mtoni. Nenda zahanati ukapimwe.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Ukijimwagia maji ya baridi, ngozi hupeleka habari ubongoni upesi. Pumzi hukatika, ukatweta. Moyo hupiga mbio. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi husinyaa ili joto la ndani lisipotee. Mwili humwaga katika damu kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo kazi yake ni kumwamsha mtu. Ndiyo maana aliyetoka kuoga maji baridi macho yake yako wazi, usingizi umekimbia, naye hujisikia mwepesi. Pengine hata huimba. Si mawazo yake tu. Mwili umeshtuka kweli.

Je, magonjwa hupungua? Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walitoa habari za jaribio lao. Watu 3,018 wenye umri wa miaka 18 mpaka 65, wasio na ugonjwa mkubwa, waligawanywa mafungu. Wengine walioga kama desturi yao. Wengine walioga kama desturi, kisha wakamalizia kwa maji ya baridi kwa sekunde 30, 60 au 90, kwa muda wa siku 30. Waliomalizia kwa maji ya baridi walikosa kazi kwa sababu ya ugonjwa kwa asilimia 29 pungufu kuliko wenzao. Lakini sikilizeni vema: siku zao za kuugua hazikupungua. Waliugua kama wengine, ila walijiona na nguvu ya kwenda kazini. Na waliokaa sekunde 90 hawakupata faida kuliko wa sekunde 30.

Basi tuseme ukweli. Maji ya baridi huamsha mwili, na watu wengi husema huchangamsha moyo. Ni kitu chema, tena hakina gharama. Lakini si kinga ya magonjwa yote, na anayewaambia hivyo anawauzia maneno.

JINSI YA KUANZA

Kama u mzima na unataka kujaribu, usianze kwa ndoo nzima kichwani. Oga kama kawaida yako. Mwisho chukua kopo moja la maji ya baridi, mwagia miguu, kisha mikono, kisha mabega na mgongo. Pumua pole pole, usizuie pumzi. Sekunde 30 zatosha. Jifute vizuri, vaa, shika jembe au ufagio, joto litarudi. Baada ya juma moja utaona mwili umezoea. Kule kutweta kumepungua. Kama unatetemeka hata baada ya kuvaa na kutembea, ujue umezidisha. Punguza.

Wala usijitose ghafla katika mto au bwawa lenye maji ya kuzizima. Kule kutweta kwa mwanzo huja bila hiari ya mtu, na kichwa kikiwa ndani ya maji, atavuta maji badala ya hewa. Hata waogeleaji hodari wamekufa hivyo. Tena maji ya maziwa, mabwawa na mito ya polepole mara nyingi yana kichocho. Kijidudu chake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi isiyo na jeraha. Ni afadhali kuchota na kuyaacha maji nyumbani siku mbili, ndipo kuyaoga.

WASIOFAA KUOGA MAJI YA BARIDI

Hapa nawaomba akina baba na akina mama wasome mara mbili.

Mtoto mchanga hana nguvu ya kulinda joto lake. Asiogeshwe mara tu baada ya kuzaliwa. Angojewe walau saa 24. Akaushwe, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Na hata siku zinazofuata, maji yake yawe vuguvugu.

Mtoto mwenye homa asimwagiwe maji ya baridi. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, lakini si vizuri. Maji ya baridi humfanya atetemeke, na kutetemeka huongeza joto la ndani. Mvue nguo nzito, mnyonyeshe au umpe maji ya kunywa, kisha umpeleke zahanati siku ile ile akapimwe malaria. Akishikwa na degedege, usimmwagie maji, wala usimtie kijiko kinywani. Mlaze ubavu na umkimbize kwa mganga.

Mwenye seli mundu ajihadhari sana. Baridi yaweza kumletea maumivu makali ya mifupa, hata kumlaza hospitali. Katika nchi zetu, hasa kandokando ya ziwa Viktoria, watoto wenye ugonjwa huu ni wengi, na wengine hawajapimwa bado. Kwa hiyo mwanao akilia kila mara kwamba maji ya baridi yanamwumiza miguu na mikono, usimwite mvivu. Mpeleke akapimwe damu.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu, mwenye pumu, na wazee waliodhoofika, hao nao wasijaribu bila kumwuliza mganga. Ule mshtuko unaomchangamsha kijana waweza kumwangusha babu.

Na jambo jingine: maji ya baridi yasiwe adhabu. Wapo wazazi na walezi wanaomwagia mtoto ndoo ya maji alfajiri kwa sababu amekojoa kitandani. Mtoto hakojoi kwa kusudi, amelala. Ukimmwagia maji humfundishi kitu ila hofu, na hofu haikaushi godoro.

HABARI YA MOYO MZITO

Mtu akiamka na uchovu wa kawaida, au ana mawazo kidogo, kopo la maji ya baridi laweza kumsaidia kuianza siku. Lakini kuna huzuni nyingine. Mtu halali, hali, hataki kuonana na watu, shamba limemea magugu, naye anasema hana maana tena duniani. Akikaa hivyo kwa majuma mawili au zaidi, huo ni ugonjwa. Usimwambie, “Nenda kaoge upate akili.” Keti naye. Msikilize. Mpeleke hospitali, na umjulishe padre au katekista ili naye amtembelee. Maombi na matibabu hayagombani. Tena akisema maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja.

NANI APEWE MAJI YA MOTO?

Sasa nalirudia neno nililoanza nalo. Maji ya moto yana bei, na bei hiyo hulipwa na mama na mabinti. Katika nyumba nyingi ndoo ya kwanza ya maji ya moto humwendea nani? Humwendea baba mwenye kifua kipana, mzima kabisa. Bibi mwenye kikohozi hungoja yaliyobaki. Mama aliyejifungua juzi huchochea kuni mwenyewe. Mpangilio huo umekaa kichwa chini, miguu juu.

Mnakumbuka habari ya Naamani, jemadari wa Shamu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano. Nabii Elisha alipomwagiza akaoge mara saba katika Yordani alikasirika, maana aliona jambo lenyewe ni dogo mno kwa mtu mkubwa kama yeye. Si baridi ya maji iliyomponya, bali Mungu. Lakini ilimpasa kwanza ashuke kutoka gari lake. Baba wa nyumba naye ashuke kidogo.

Baba na vijana wenye afya, jaribuni neno hili. Ogeni maji ya baridi kwa kipimo nilichosema, na maji ya moto yawe ya mgonjwa, mzee, mzazi na mtoto mchanga. Mtapata faida mara mbili: miili yenu itaamka, na mzigo mmoja wa kuni utapungua mgongoni mwa mama. Kama mnatafuta malipizi madogo ya Kwaresima, hili ni mojawapo, wala halihitaji kutangazwa kwa jirani. Na siku maji yanapokuwa makali mno kwako, basi chochea moto wewe mwenyewe. Kuchochea moto nako hupasha mwili joto.

Hadi juma lijalo, Mungu awabariki ninyi na wote wa nyumbani mwenu.