Meseji ya muamala haitoshi kutoa dumu la mafuta kinuni

Singida. Msimu wa alizeti ukichanganya, simu ya mwenye kinu hailali. Huyu wa Dodoma anataka madumu 20, yule wa Mwanza anaulizia mashudu, mkulima wa Ikungi yuko getini na magunia yake. Oda ziko WhatsApp, malipo yako kwenye meseji, mzigo uliotoka umeandikwa kwenye daftari. Jioni mtu mmoja anakaa kuoanisha vitu vitatu ambavyo havijuani.

Kuna programu zinazoahidi kuifanya kazi hiyo zenyewe: Zapier, Power Automate ya Microsoft, n8n na nyinginezo. Sifa yake kubwa ni kwamba huhitaji mtaalamu wa kuandika programu. Unachagua visanduku kwenye skrini, unaviunga, kazi inatembea. Na kweli, mtu aliyezoea Excel anaweza kuunda mtiririko wake wa kwanza ndani ya siku moja.

Ugumu hauko kwenye visanduku. Uko kwenye kuamua ni tukio gani liruhusiwe kuianzisha kazi.

Nani anasema "anza"?

Tukio hilo ndilo kichochezi. Fomu imejazwa, saa 12 jioni imefika, mstari mpya umeongezwa kwenye jedwali. Baada ya hapo vitendo vinafuata: oda inaandikwa, mteja anajulishwa, mtu wa stoo anapata ujumbe.

Kiunganishi ni mlango kati ya programu mbili. Kinajua jinsi ya kubisha hodi kwa Gmail, kuonyesha kibali na kuomba taarifa kwa utaratibu ambao Gmail inaukubali. Pasipo kiunganishi, kichochezi hakina pa kusikilizia.

Na kusikiliza kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuchungulia: mfumo unarudi kila baada ya muda kuuliza kama kuna jipya. Kwenye kifurushi cha bure cha Zapier, muda huo ni dakika 15, kwa hiyo mteja aliyesimama getini atasubiri kweli. Ya pili ni kugongewa: huduma yenyewe inatuma taarifa papo hapo kwenye anwani ya mtandao iliyoandaliwa kuipokea. Wataalamu huiita webhuku.

Mfano uko kwenye LUKU

Watanzania wanalijua jambo hili bila kulijua jina lake. Tangu Julai 2017, malipo ya taasisi za umma yamekuwa yakihamia kwenye mfumo wa GePG ulio chini ya Wizara ya Fedha. Mwananchi anapewa control number, analipia benki au kwenye simu. Benki au mtandao wa simu unaijulisha GePG, nayo inaijulisha taasisi inayodai.

Angalia nani ametoa taarifa. Si mlipaji. Aliyepokea hela ndiye anayesema imeingia, na neno lake ndilo kichochezi. Ukinunua umeme hukimbii TANESCO na simu mkononi kuonyesha meseji. Tokeni inakuja yenyewe.

Mnyororo huo nao hukatika. Mei 2021 wateja wa LUKU walihangaika kwa siku kadhaa kununua umeme baada ya mfumo kupata hitilafu. Hela unazo, mita ipo, lakini mlango mmoja ukifungwa vyote vinasimama.

Hatari ya njia ya mkato

Mwenye kinu hana GePG. Akifungua orodha ya viunganishi anakutana na Gmail, Slack, Salesforce na wenzao, zana za ofisi za Marekani na Ulaya. Hela yake lakini inapita M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa.

Ndipo njia ya mkato inaponoga. Kuna apu za Android, MacroDroid kwa mfano, zinazoweza kusoma meseji ikiingia na kuirusha kwenye jedwali. Unaiambia: ukiona neno "umepokea", andika oda kuwa imelipwa, mwambie mtu wa stoo atoe mzigo. Inafanya kazi vizuri sana. Mpaka siku meseji ikiwa feki.

Nchi hii inazijua meseji feki vya kutosha, kiasi kwamba TCRA iliweka namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa matapeli. Binadamu akiitilia shaka meseji anafungua salio. Apu haina shaka. Ilichoambiwa ni kutafuta neno, na neno limelipata. Madumu 20 yanapanda gari.

Kuichuja kwa jina la mtumaji kunasaidia kiasi, lakini jina linaloonekana kwenye meseji nalo linaweza kughushiwa.

Njia iliyonyooka ina bei

Njia salama ni ileile ya GePG: taarifa itoke kwa aliyepokea hela. M-Pesa ina mlango rasmi wa kuunganisha mifumo ya biashara, na kampuni za malipo kama Selcom na AzamPay zinatoa huduma ya namna hiyo. Biashara inatakiwa kusajiliwa, na makato yapo.

Halafu, hapa ndipo panapouma, Zapier inaiweka webhuku kwenye vifurushi vya kulipia, na Power Automate nayo inataka leseni ya juu kwa kazi hiyo. Yaani zana inaitwa rahisi, ila kipande ambacho biashara ya Tanzania inakihitaji zaidi ndicho cha kulipia. n8n unaweza kuiweka kwenye seva yako bila ada ya leseni, lakini seva inataka hela na mtu wa kuiangalia.

Taarifa moja pia inaweza kuja mara mbili, hasa mtandao ukikatika katikati na mtumaji akarudia. Ndiyo maana namba ya muamala ikaguliwe kwanza. Ikiwa tayari iko kwenye jedwali, mzigo usitoke tena.

Majina na namba za wateja nazo si za kurushwa ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa pia taarifa zinazopelekwa kwenye seva za nje ya nchi.

Kwa kinu ambacho hakijafikia gharama hizo, kuna njia ya katikati. Meseji iandike oda kuwa "inasubiri", si "imelipwa". Mfumo umtumie mhasibu ujumbe, yeye afungue salio, aone hela, ndipo abonyeze kitufe cha kuruhusu. Kichochezi cha kutoa mzigo kinakuwa kidole chake. Ni sekunde chache kwa kila oda, na daftari la jioni halihitajiki tena.