Safari ya Mikumi Haivunjwi na Kiingilio

Nilipotangaza kijiweni Tindiga, Kilosa, kwamba likizo ya Juni tunawapeleka watoto mbuga ya Mikumi, hakuna aliyenitakia safari njema. Kahawa ilikuwa haijapoa, na tayari shemeji yangu, mjomba na jirani mmoja mwenye bodaboda walikuwa wamenipangia safari, wakaivunja, wakanirudisha nyumbani. Walisema sana juu ya kiingilio na gari. Lakini hivyo ni vitu vyenye bei inayojulikana. Mtanzania ana kiingilio chake cha shilingi, tofauti na cha mgeni. Mtoto aliye chini ya miaka 5 halipi. Unapewa namba ya malipo, unalipa, yamekwisha. Gari mnapatana na mwenye Noah wiki mbili kabla. Hela inayoyeyuka ni ile isiyo na risiti: ya soda, ya mishikaki, ya "mnunulie na huyu", ya kinyago cha twiga ambacho shingo itavunjika kabla hamjafika Ulaya. (Ulaya ninayosema ni yetu, iliyo kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Wanangu wanawaringishia wenzao kwamba wamefika Ulaya, nami siwakatazi.)

Sasa tumekwenda na tumerudi, daftari la matumizi ninalo, na wazee wangu wa kijiweni nina deni la kuwajibu.

"Chakula ni hela ndogo, utanunua hukohuko." Hii ni ya shemeji, na ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu ukiisikia unadhani ni busara. Tulikuwa watu wanane: wakubwa wanne (bibi wa watoto akiwamo), watoto watatu na dereva. Ndiyo, dereva. Katika bajeti nyingi za safari nilizoona, dereva hana tumbo. Saa saba mchana ndipo watu wanakumbuka kwamba naye anakula, na aliyemkodi ndiye wa kumlisha. Haya, tuseme tungenunua kila kitu njiani. Chai na chapati mbili asubuhi, 1,500 kwa kichwa, ni 12,000. Mlo wa mchana kwenye hoteli ya wasafiri, sahani ya 7,000, ni 56,000. Vinywaji mara tatu kwa siku, tukikadiria 1,200 kila kimoja, ni 28,800. Jioni chipsi na mishikaki, 4,000 kila mtu, ni 32,000. Jumla 128,800, na hapo hatujahesabu mtoto wa miaka tisa aliyeona aiskrimu.

Tulichofanya ni hiki. Unga wa ngano kilo 4, shilingi 8,000. Mafuta lita moja, 6,000. Trei ya mayai, 11,000. Karanga kilo mbili, 8,000. Mkungu wa ndizi mbivu, 7,000. Katoni mbili za maji, 14,000. Kapu zima likasimama kwenye 54,000, nalo likatulisha asubuhi na mchana, pamoja na maji tuliyoyahesabu kuwa ya siku nzima. Jioni tulinunua chipsi zetu pale Mikumi mjini kama watu wengine, 32,000. Ukijumlisha unapata 86,000, maana yake tulibakiza 42,800, ukiacha maji nitakayoyataja mwishoni. Shemeji analima mpunga kama mimi. Anajua madebe mangapi lazima yatoke ghalani ili 42,800 iingie mfukoni, na anajua kwamba Januari hela hiyo ni viatu vya shule na madaftari.

Kuna gharama nyingine haimo kwenye hesabu hiyo, na mke wangu amenitaka niiandike. Yeye na dada yake waliamka saa tisa usiku kusukuma chapati. Ndiyo maana chipsi za jioni hazikuwa na mjadala. Kuokoa 32,000 kwa kumwambia mtu aliyeamka saa tisa apike tena usiku kungekuwa ubahili, na mimi sina ujasiri huo.

Jambo ambalo shemeji halioni ni saa yenyewe. Njaa ya watu wanane huja kwa pamoja. Ukifika mahali pa kula saa nane mchana na watoto wanalia, hupatani bei, unalipa inayotajwa. Na ndani ya hifadhi vitu ni ghali zaidi kuliko mjini, kwa kuwa kila soda imebebwa kutoka mbali. Simlaumu muuzaji. Najilaumu mimi nikifika kwake bila maji.

"Kubeba chakula ni ushamba." Jirani wa bodaboda alilisema hili huku akicheka, kisha akaongeza kwamba hata mlangoni tutanyang'anywa. Si kweli: Mikumi kuna maeneo yaliyotengwa kwa pikiniki, likiwamo la bwawa la viboko, ambapo unashuka kwenye gari na kula huku viboko wakipiga miayo. Kuhusu ushamba, niende mbali kidogo. Kule Florida, Marekani, kuna Walt Disney World, bustani za michezo ambazo tiketi ya mtu mzima ya siku moja inapita dola 100. Wageni wake wanaruhusiwa kuingia na chakula chao, mradi pasiwe na pombe wala chupa za glasi, na maji ya kikombe wanapewa bure kwenye migahawa ya humo. Watu waliolipa hela ile wanakaa kwenye benchi na kufungua mikate yao ya nyumbani. Ikiwa huo ni ushamba, basi ni wa kimataifa. Kumbi na mabwawa mengine ya burudani, hasa ya mijini, kweli hukataza chakula cha nje, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kukanda unga.

Watu wengi hukosea katika kuchagua cha kubeba. Wali wa nazi ukipikwa alfajiri, kwa joto la bonde la Mkata, saa saba umechacha. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, viazi vitamu na ndizi vinavumilia. Fungasha kwenye hotipoti na kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kuingia nayo hifadhini ni kujitafutia maneno. Halafu kuna nyani. Nyani wa Mikumi wanajua kapu ni nini. Humo hifadhini tulifungua letu mara moja tu, tukala, tukalifunga, na hata hivyo ndizi nne zilikwenda bila kuaga. Usiwarushie chakula ukidhani ni sadaka. Imekatazwa, na nyani aliyezoea mkono wa mtu atamsumbua mwenye kapu anayekuja kesho.

Mjomba alikuwa na lake: kwa nini ulipie, na basi linakuonyesha twiga bure? Ni kweli barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na nauli yako inakupa swala, nyani, siku ya bahati hata tembo. Lakini basi halikungoji, wala huruhusiwi kushuka pale porini. Mtoto wangu wa mwisho amewahi kupita hapo mara tatu, mara zote amelala.

"Ukirudi mikono mitupu utaaibika." Hapa naomba nafasi, maana waliosema hivi walikuwa wengi, na mimi mwenyewe nusura nikubali. Kwetu msafiri huulizwa "umetuletea nini" kabla ya kuulizwa habari za njiani. Nilianza kuandika orodha ya wanaostahili zawadi. Shangazi wawili, majirani wa pande zote, mwalimu wa mtoto, shemeji huyuhuyu. Nilipofika jina la kumi na saba niliweka kalamu chini.

Tukiangalia mila yenyewe, haidai tunavyodhani. Zawadi ya safari ni kile ambacho mahali ulipotoka panazaa. Aliyetoka Zanzibar anaulizwa halua, wa Lushoto mapeasi, wa Muheza machungwa, wa Mtwara korosho. Abiria wa Iringa akipita Ruaha Mbuyuni ananunua vitunguu, na nyumbani vinaliwa wiki nzima. Zawadi hizo zote zinaliwa, zinagawanyika, na bei yake ni ya sokoni. Hakuna aliyewahi kumlalamikia mtu kwamba vitunguu alivyoleta havina picha ya simba.

Sasa Mikumi inazaa nini? Wanyama, na wanyama hawafungwi kwenye gazeti. Vinyago, fulana na shanga unazoonyeshwa njiani zilibuniwa kwa ajili ya mgeni anayerudi kwao mbali, ambaye hatamwona tembo tena. Hata picha za Tingatinga ndivyo zilivyoanza: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, na kazi zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, mahali ambapo wageni walikuwa wakifanya manunuzi yao. Ni sanaa ninayoipenda na iliyowalisha wengi. Lakini sisi ni watu ambao tembo huingia kwenye mashamba ya vijiji vyetu vinavyopakana na hifadhi. Kumletea shangazi tembo wa mti ni kama kumletea panya wa mti. Ukikipenda kinyago, kinunue kwa sababu umekipenda, mlipe mchongaji bei ya haki, kiweke sebuleni kwako. Usinunue kumi na saba kwa kuogopa maneno.

Sisi tulifanya mambo mawili. Tulitenga 20,000 ya zawadi kwenye bahasha yake, mbali na ya chakula, na kwa hela hiyo tukanunua matunda sokoni tukiwa njiani kurudi, ya kugawa kwa sahani. Kisha nilisafisha picha chache Kilosa mjini, moja ya bibi akiwa amesimama na wajukuu mbele ya bwawa la viboko. Bibi ameibandika ukutani juu ya kitanda. Shangazi mmoja bado amenuna, sikufichi.

"Zawadi za bure zimejaa porini, okota tu." Aliyesema hili alikuwa anatania, natumaini. Unyoya, mwiba wa nungunungu, jino, kipande cha pembe, ganda la yai la mbuni: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hivyo ni nyara za serikali, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa la jinai ambalo kifungo chake huhesabiwa kwa miaka. Mtoto haelewi hilo. Jioni kabla ya kutoka getini nilikagua mifuko ya watoto wote watatu. Nikapata kokoto mbili na unyoya wa kanga, ambao ulirudishwa kwa heshima zote.

"Watoto wasishike hela, watapoteza." Hili tuliligeuza kabisa. Kila mtoto alipewa 5,000 asubuhi, na sharti moja: ikiisha imeisha, na baba hana pochi ya pili. Mkubwa alimaliza yake kabla ya saa nne kwa biskuti na soda, akashinda akiwatazama wenzake. Wa kati, msichana, alimwuliza muuza shanga bei, akarudi garini, akafikiri, akaenda tena, mara tatu, mpaka bangili ya 3,000 ikawa 1,500. Mdogo aliipoteza kweli, wazee walisema kweli. Hasara ikawa 5,000. Safari ya nyuma, tulipokwenda Dar es Salaam na mimi nikiwa benki ya watu wote, "baba nataka" zilinitoa hela nyingi kuliko hiyo kabla hatujala chakula cha mchana.

Imebaki hoja ya "subiri Desemba, ndiyo sikukuu". Kwa mwenye mshahara labda. Tindiga hela ya mpunga inaonekana mavuno yakishaingia, katikati ya mwaka, na likizo ya Juni inaangukia hapohapo. Desemba ghala linapungua, shamba linataka kutayarishwa, Januari inakuja na sare. Ada ya shule za serikali iliondolewa, lakini sare na daftari bado ni za mzazi. Isitoshe Kilosa tunaijua Desemba: mafuriko yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2009 hadi Januari 2010 yalibeba nyumba na kukata reli. Mnapofika Juni masika yamepita, majani yanaanza kukauka, na wanyama wanaanza kusogelea maji ambako wanaonekana. Anayekwenda kwa kukopa Desemba anakula chipsi zake kwa riba.

Hoja moja sikuweza kuipinga. Usiku wa kuamkia safari, bibi alilitazama kapu, akatazama katoni mbili za maji, akasema hazitoshi. Nilimwonyesha hesabu: watu wanane, chupa kwa chupa. Hakujibu. Saa tisa mchana, tukiwa bado ndani ya hifadhi, tulinunua maji kwa bei ya huko ndani, na bibi alikunywa ya kwanza.