Wali wa Jana wa Mpishi wa Runinga

Siku hizi kuna wapishi jikoni mwetu ambao hatukuwaalika. Jioni baada ya kazi mtu huwasha runinga, na pale mpishi mwenye aproni nyeupe anakatakata, anakaanga na kutabasamu. Kabla ya habari kuanza, mama wa nyumba ameshaandika kwenye kipande cha karatasi vitu vya kununua sokoni: tangawizi, vitunguu vya majani, sosi ya soya. Jumamosi ikifika, ugali unawekwa kando na watoto wanaahidiwa chakula cha Kichina.

Mimi ni mmoja wa akina mama hao na sioni haya kusema hivyo. Wale wanaotuambia kila uchao kwamba mapishi ya kigeni ndiyo yanayotuletea maradhi nawaona wanakosea. Chapati tulizipata kwa Wahindi, na mahindi yenyewe tunayosaga unga wa ugali asili yake ni Mexico. Isitoshe, kuna mambo ambayo mgeni anatushinda. Sisi huchemsha kabeji hadi inalegea, kisha maji tukayamwaga pamoja na sehemu kubwa ya vitamini C. Mchina huikaanga kwa dakika mbili tatu tu kwenye moto mkali, nayo hutoka ingali na ukakasi wake na vitamini zake. Hilo nimejifunza kwa runinga, wala si shuleni.

Lakini kuna jambo ambalo runinga haikunionyesha, nami nililijua kwa gharama.

Mpishi mmoja alisema wali wa kukaanga hutoka vizuri zaidi ukiwa wa jana, kwa kuwa umekauka na punje zake hazishikani. Ni kweli kabisa. Basi nikapika wali Ijumaa jioni, nikafunika sufuria na kuiacha juu ya jiko hadi kesho yake. Jumamosi nikaukaanga kwa mayai, karoti na njegere, nyumba nzima ikanukia. Tulikula saa saba mchana. Kufikia saa kumi watoto wawili walikuwa wakitapika, na kitinda mimba, aliyekuwa na miaka mitatu, hata maji hayakukaa tumboni. Jirani mmoja alisema ni mayai. Mwingine akasema ndiyo malipo ya kupika vyakula vya watu. Daktari aliniuliza swali moja tu: huo wali ulilala wapi?

Kumbe kuna bakteria iitwayo Bacillus cereus, ambayo hukaa udongoni na kwenye nafaka, mchele ukiwemo. Maji yakichemka haifi yote, maana baadhi yake hujifunga ndani ya gamba gumu na kungoja. Wali ukiachwa kwenye joto la kawaida la nyumba, bakteria hao huzinduka, huzaana na kutoa sumu. Hapo ndipo wengi wetu hukosea, kwa kudhani kwamba ukikaanga chakula vizuri umeua kila kitu. Bakteria wanaweza kufa, lakini sumu waliyokwisha kuiacha haiharibiwi na moto wa karai. Mtu huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Madaktari wa Uingereza waliyaandika haya mapema katika miaka ya 1970, baada ya watu kuugua kwa kula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina. Kwa mtu mzima aghalabu hupita kwa siku moja. Mtoto mdogo, hata hivyo, hupungukiwa maji upesi, na huyo si wa kungojwa nyumbani hadi asubuhi.

Najua kuna msomaji atakayesema: mbona sisi tumekula kiporo na chai tangu utotoni? Nami nimekula. Si kila kiporo kina sumu, na usiku wa Limuru si usiku wa Mombasa. Lakini nikikumbuka ile tuliyoiita homa ya tumbo siku za shule, huwa najiuliza.

Yule mpishi hakudanganya. Wali wake wa jana ulilala kwenye friji, na jikoni kwake jambo hilo ni la kawaida hivi kwamba hakuona haja ya kulitaja. Kwetu stima hupotea, na nyumba nyingi hazina friji kabisa. Watayarishaji wanaotuletea vipindi hivi wangeweza kuongeza sentensi moja tu, na sioni ingewagharimu nini.

Jambo la pili ni chumvi. Mpishi humimina sosi ya soya bila kupima. Vijiko viwili vikubwa vya sosi hiyo vina karibu gramu 5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe hata gramu hizo 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa siku nzima. Nasi juu ya sosi tunatia chumvi yetu ya kawaida, na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi. Mama mkwe wangu ana shinikizo la damu. Alipokula kwangu mara ya kwanza alikunywa bilauri tatu za maji, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo chumvi ilikumwagikia?"

Siku hizi wali wa Ijumaa nautandaza kwenye sinia upoe haraka, na kabla ya saa moja kwisha umo ndani ya friji. Ukipita siku moja haukaangwi, na stima ikipotea usiku kucha nautupa, hata roho ikiuma. Asiye na friji na apike wali asubuhi hiyo hiyo kwa maji pungufu kidogo, autandaze utoke mvuke, kisha aukaange papo hapo. Punje zitashikana kidogo, lakini watoto hawatalalamika. Mama mkwe namtolea wake kabla sijatia sosi, naukamulia ndimu na kuongeza tangawizi. Juzi alipokuja aliomba aongezwe.