Breki za nyuma: Hatari iliyofichika ndani ya dramu

AJALI mbaya inapotokea katika barabara ya Meru kuelekea Embu, jambo la kwanza kutajwa huwa ni mwendo wa kasi, na la pili ni breki kukatika. Jioni ya Julai 24, 2022, basi lililokuwa likisafiri kutoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Taarifa za mwanzo za maafisa wa serikali zilitaja hitilafu ya breki.

Breki za basi hazifanani na za gari dogo, lakini somo ni lile lile: mteremko haumpi dereva nafasi ya pili.

Kwa wakazi wa mitaa kama Dallas mjini Embu, gari kuukuu si anasa bali ni chombo cha kutafutia riziki. Sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8 tangu kuundwa. Hata hivyo, kikomo hicho hutazama umri wa gari linapowasili tu. Likishasajiliwa, laweza kuhudumu kwa miongo miwili zaidi, likipita mikononi mwa wenye kipato kinachozidi kupungua.

Magari mengi ya aina hiyo, Toyota Probox likiwa mfano mmoja, yana breki za dramu katika magurudumu ya nyuma. Gari linaposimama, uzito huegemea mbele, na breki za mbele ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana za nyuma zaweza kuzorota kwa miezi mingi bila dereva kugutuka. Lakini gari hilo hilo likijazwa magunia au abiria kupita kiasi nyuma, na kuteremshwa katika mabonde yaliyo kati ya Meru na Embu, ule udhaifu uliofichika hujitokeza kwa ghafla.

Kosa lililozoeleka ni kubadilisha viatu vya breki pekee na kurudisha vifaa vyote vya zamani. Ndani ya dramu mna springi zinazovirudisha viatu mahali pake baada ya dereva kuachilia pedali, na nyingine ndogo zinazovishikilia visiyumbe. Joto la miaka mingi huzilegeza. Springi iliyolegea huacha kiatu kikikwaruza dramu daima, joto likazidi, mafuta yakatumika bure, na kiatu kipya kikaisha kabla ya wakati wake. Springi ikikatika, kipande chake chaweza kukwama na kulifunga gurudumu gari likiwa mwendoni.

Aidha, kuna skrubu ya kurekebisha nafasi baina ya kiatu na dramu. Ikishika kutu, pedali huzama chini zaidi na breki ya mkono huhitaji kuvutwa juu kupita kawaida. Mipira ya silinda ya gurudumu nayo ikichakaa, mafuta ya breki huvuja na kulowesha viatu. Kiatu kilicholowa hakifai kusuguliwa kwa msasa na kurudishwa. Hutupwa, pamoja na mwenzake wa upande wa pili, maana breki zisizolingana huvuta gari upande mmoja.

Mafundi waangalifu hufungua gurudumu moja kwa wakati, ili lile lisiloguswa liwe kielelezo cha mpangilio wa springi. Hawaliachi gari juu ya jeki pekee, wala hawapulizi vumbi la dramu kwa mdomo, kwa kuwa viatu vya zamani huenda vina asbesto, ambayo husababisha saratani. Kadhalika hupima upana wa dramu, kwani kikomo chake kwa kawaida huandikwa juu ya chuma chenyewe. Dramu iliyovuka kikomo hicho haichongwi tena.

Mafuta ya breki nayo hayadumu milele. Hunyonya unyevu kutoka hewani. Kwa viwango vya kimataifa, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni, pedali hulainika na nguvu ya mguu hupotea bure.

Swali lililopo ni nani anayepaswa kuhakikisha haya yanafanyika. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilikazia vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama katika magari ya abiria. Mwaka 2025, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani ilichapisha rasimu ya kanuni zilizopendekeza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 nayo yawe yakikaguliwa. Wengi walihofia kuwa huo ungekuwa mzigo mwingine kwa mwananchi wa kawaida, na mlango mpya wa hongo.

Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, afisa wa trafiki kando ya barabara aweza kuona tairi lililoisha au taa iliyovunjika, lakini haoni springi iliyo ndani ya dramu. Mpaka ukaguzi wa kuaminika upatikane, jukumu hilo limebaki kwa mwenye gari na fundi wake. Abiria aliyelipa nauli hana njia ya kuchungulia ndani ya dramu kabla ya kupanda. Yeye hujua hali ya breki pale tu dereva anapozihitaji.