Dogo kasema "ahsante", mjuaji nikaumbuka

Wiki hii sina umbeya wa mjini. Nina kesi, na mshitakiwa ni mie mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Mbuchi kumwona Bi Mkubwa. Kwa wasiopafahamu, ni Wilaya ya Kibiti, huko ndani kwenye delta ya Mto Rufiji, kwenye mikoko, mpunga na kamba. Muhoro unafika ukiwa mtu wa kawaida. Ukishapanda bodaboda kutoka hapo, Mbuchi unashuka ukiwa na rangi ya barabara.

Kufika tu nikaambiwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, siku hizi ni tajiri. Dogo kamaliza kidato cha nne, kazi hakuna, kafungua kibandaumiza. Sola juu ya paa, televisheni ya chogo, mabenchi manne, na PlayStation 2 ya mkono wa pili aliyoitoa Kariakoo. Mchana vijana wanacheza mpira humo. Usiku, bwana wee, ndiyo kuna shughuli! Kiingilio shilingi 200, watoto kwa wakubwa wanajaa, na anayecheza ni mmoja tu, dogo mwenyewe. Wengine wanatazama.

Gemu lenyewe ni Final Fantasy X, lililotoka Japani mwaka 2001. Ni la hadithi, refu ile mbaya. Dogo analicheza kidogo kidogo kila usiku, anahifadhi kwenye memori kadi, kesho wanaendelea. Mwezi mzima kijiji kinafuatilia kama tamthilia.

Sasa maneno yote mle ni Kiingereza, na wanaokijua pale wanahesabika. Kwa hiyo dogo anashika pedi huku anatafsiri kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya Lufufu kwenye mikanda ya video, au DJ Mark, au yule DJ Afro wa Kenya. Sauti ya bibi anaitoa yeye, sauti ya mzee anaitoa yeye. Lile dude la baharini linalofuta vijiji vya pwani yeye kaliita Jini Nyangumi. Timu ya kijiji inayocheza mpira ndani ya maji na kufungwa kila mwaka, kaipa majina ya wachezaji wa Mbuchi. Watu hoi kwa kicheko!

Nilikuta wamefika usiku wa mwisho. Nami nikatinga, mgeni rasmi kutoka Dar, nikapewa benchi la mbele. Dada yangu, mama yake dogo, alikaa nyuma na kanga yake.

Mambo yalikuwa hivi. Jini Nyangumi kashauawa. Kijana Tidus, aliyesafiri na binti Yuna tangu mwanzo, anaanza kufifia kama moshi, maana hakuwa mtu wa dunia hii. Yuna anamkimbilia amkumbatie, anapita katikati yake na kuanguka chini. Anainuka, anampa mgongo, anasema maneno machache tu. Yale ya Kiingereza mie niliyasikia kwa masikio yangu: anamwambia anampenda.

Dogo akatulia kidogo. Kisha kwa sauti ya Yuna, taratibu, akasema: "Ahsante."

Kibanda kimya. Nyuma nikasikia mtu anavuta kamasi.

Na mie, mtoto wa mjini, mwandishi wa gazeti, nikashindwa kunyamaza. Nikacheka, nikapaza sauti: "We dogo, unawadanganya watu! Kasema nakupenda! Mia mbili zao unakula bure!"

Watoto wakaangua kicheko. Dogo akazima televisheni bila kumalizia, akaanza kukunja nyaya.

Baadaye nikamfuata nje nikamwambia asinune, ni utani wa mjomba. Akaniambia, "Mjomba, Kiingereza nilikisikia. Lakini mama alikuwa pale, na wewe ulikuwa pale, nitamkeje neno lile? Halafu mtu anayekuondokea humwambii hivyo. Babu alipokuwa anaondoka, bibi alimwambia ahsante, nimekuwia radhi. Nilikuwepo."

Akaingia kulala.

Wasomaji wangu, pale nilikosa la kusema. Baba yangu alifariki Aprili 2024, wakati mafuriko yamefunika Rufiji na Kibiti. Mie nilikwama Dar, njia imekatika. Maneno ya Bi Mkubwa kwa baba sikuyasikia, na kwa miaka yote hii sikuwahi hata kuuliza. Aliyeyasikia ni dogo.

Niliporudi Dar nikasema ngoja nilichimbue gemu lenyewe. Nilichokikuta kilinitoa jasho.

Hadithi ile imeandikwa kwa Kijapani. Na kwa Kijapani, pale mwisho, Yuna hasemi anampenda kijana. Anasema "arigatou". Maana yake? Ahsante!

Aliyebadili ni mfasiri wa Kimarekani, Alexander O. Smith. Na wala hakukosea. Lile lilikuwa gemu la kwanza katika mfululizo mkuu wa Final Fantasy kuwa na sauti za waigizaji, kwa hiyo Kiingereza kilitakiwa kiende na midomo iliyokwisha kuchorwa iseme Kijapani. Hilo la kwanza. La pili ni uzito. Neno lile kwa Kijapani linabeba safari nzima na mapenzi ambayo hawakuyatamka. Kwa Kiingereza ukimwambia hivyohivyo mtu anayetoweka mbele yako, utadhani kakubebea mzigo stendi. Akatafuta neno lenye uzito uleule. Mpaka leo wachezaji wanabishana. Yuna wa Kijapani anashukuru na kufunga moyo, wa Kiingereza anafungua moyo hadharani. Mwaka 2003 ilipotoka Final Fantasy X-2, Yuna akiwa njiani kumtafuta kijana wake, wale wa Kijapani na wale wa Kiingereza waliianza safari wakiwa na binti tofauti kidogo vichwani mwao.

Ndiyo kazi ya mfasiri hiyo. Mwaka 1994 Ted Woolsey alipewa kama siku 30 tu kutafsiri Final Fantasy VI, na nafasi ya maneno ilikuwa finyu, ikabidi akate na kubana. Vichekesho vingi Wamarekani walivyovipenda mle ni vyake yeye.

Na tusiende mbali. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Shakespeare mwaka 1969, yule mfanyabiashara wa Venice hakumwita mfanyabiashara. Kitabu alikiita Mabepari wa Venisi. Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, neno bepari ulikuwa ukilisikia unajua kabisa nani anasemwa. Neno moja, na mchezo wote ukahamia Tanzania.

Sasa dogo wa Mbuchi, asiyejua Kijapani hata cha kuombea maji, kalichukua neno la Kiingereza, akalipitisha kwenye adabu ya nyumbani kwetu na kwenye kitanda alichofia babu yake, likatoka vilevile lilivyoandikwa Japani. Mjuaji nikasimama kumsahihisha kwa kutumia tafsiri, nikidhani ndiyo asili!

Nikampigia simu. Nikamweleza yote, Mjapani, Mmarekani, mpaka Mwalimu. Nikamwambia, "Nisamehe, mpwa wangu. Nilikuaibisha mbele ya watu wako, na kumbe wewe ndiye uliyesema sawa."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya mjomba, yameisha. Lakini walidai warudishiwe mia mbili, nikawarudishia."

Nikamtumia kwenye simu palepale, za benchi zote nne, na juu yake kidogo. Nikamwomba siku ile ya mwisho airudie, na watu waingie bure. Kaniambia itakuwa Ijumaa usiku, na Bi Mkubwa kasema safari hii naye ataletewa kiti.

Na wewe msomaji unayejua Kiingereza, ukimkuta mtu anawasimulia wenzake kwa Kiswahili, ngoja kwanza amalize. Ukiwa na la kumsahihisha, mvute pembeni mkiwa wawili. Mie nimejifunza kwa gharama.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.